Makato ya Kadi za Benki Tunapokwenda Nchi za Nje

Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya maandalizi ya safari za ushirikiano. Inachapishwa hapa kwa ombi la washiriki.



Tumepewa saa moja kuzungumzia jambo ambalo katika semina zilizopita halikuwahi kupewa hata dakika kumi. Tulikuwa tukifundishana habari za viza, bima ya afya, masweta, zawadi za kuwapelekea wenyeji, na namna ya kujibu maswali kuhusu miradi yetu. Kuhusu fedha tulikuwa na sentensi moja tu: "Kadi mnayo, mtatoa hela hukohuko." Na kwa kuwa tuliogopa wizi tuliongeza ushauri ambao wakati ule tuliuona wa busara sana: "Toeni kidogokidogo."

Tuwaeleze yaliyotokea. Mwaka 2019 kundi letu lilikwenda Ujerumani kwa majuma matatu. Fedha za chakula cha njiani, nauli za treni na dharura ziliwekwa katika akaunti ya dola, na kadi alipewa mama mmoja mtunza hazina, mtu ambaye sote tulimfahamu kwa uaminifu. Alifuata ushauri wetu kwa utii wote. Alitoa euro 100 mara kumi na moja, jumla euro 1,100. Kila matumizi aliyaandika katika daftari, na risiti zote alizirudisha zikiwa zimebandikwa kwa tarehe.

Aliporudi, kamati ya fedha ilichukua euro 1,100 ikazidisha kwa kiwango cha wakati ule, dola 1.12 kwa euro moja, ikapata dola 1,232. Taarifa ya benki ikaonyesha kwamba akaunti imepungua kwa dola 1,420. Tofauti ilikuwa dola 188, ambazo kwa shilingi za mwaka ule zilizidi laki nne na elfu thelathini. Hakuna aliyesema neno "wizi". Lakini ninyi mnazijua kamati zetu, kuna namna ya kunyamaza ambayo ni mbaya kuliko kusema. Mama yule aliomba kupumzika kazi ya hazina. Kwa miezi mitatu alikaa benchi la nyuma kanisani, na sisi tuliokuwa tumempa ushauri tulikuwa bado hatujakaa kuisoma ile taarifa ya benki mstari kwa mstari.

Tulipokaa na kuisoma, fedha zote zilionekana. Nakala ya hesabu hiyo mnayo mikononi, majina yameondolewa kwa ridhaa ya mwenyewe. Tuipitie pamoja, kwa sababu karibu kila kitu cha kujifunza kuhusu kadi kimo ndani ya dola hizo 188.

Dola 188 zilikwenda wapi

Benki yetu ilitoza dola 5 kwa kila utoaji wa fedha nje ya nchi. Mara kumi na moja, dola 55. Hayo yalikuwa yameandikwa katika orodha ya tozo, na tungeisoma tungeyaona.

Mara saba mama alitazama salio kwenye mashine ili ajiridhishe. Kila kutazama kuligharimu dola moja. Dola 7.

Mara sita kati ya zile kumi na moja alitumia mashine zilizosimama zenyewe, karibu na stesheni na katika mitaa ya watalii, ambazo si mali ya benki ya kawaida bali ya kampuni binafsi. Mashine hizo zilikata euro 4.95 kila mara kama ada yao wenyewe. Jumla euro 29.70, sawa na dola 33 na senti kidogo.

Zile mara tano nyingine alitumia mashine za benki za kawaida, ambazo hazikukata ada yao. Hapo benki yetu ya nyumbani ilibadili euro kuwa dola na kuongeza asilimia 3 juu ya kiwango. Euro 500 ni dola 560, na asilimia 3 yake ni karibu dola 17.

Mkijumlisha hayo yote mnapata dola 112. Bado 76. Hizi ndizo zilizotusumbua zaidi, kwa maana hazikuandikwa popote kama makato. Zile mashine sita zilimwuliza mama swali moja kwenye kioo: je, unataka akaunti yako ikatwe kwa dola, kwa kiwango hiki tunachokuonyesha, au kwa euro? Naye alijibu kama ambavyo wengi wetu tungejibu. Akaunti ni ya dola, dola tunazielewa, basi na iwe dola. Mashine ikatumia kiwango chake yenyewe, dola 1.24 kwa euro moja badala ya 1.12. Kwa kila euro ikapata senti 12. Zidisheni kwa euro 629.70 zilizopita katika mashine hizo, pamoja na ada zake.

Basi hesabu ikakamilika. Mama aliitwa mbele ya kamati ileile, akaelezwa, na kamati ikamwomba radhi kwa maandishi. Nasi tulimwomba radhi, maana kosa la kwanza lilikuwa letu. Amerudi kwenye hazina, na ndiye aliyetusaidia kuandaa karatasi mlizogawiwa.

Swali la kwenye mashine

Kabla ya kuzungumzia kadi ipi, tumalize hili la swali la kioo, kwani hata kadi nzuri kuliko zote haitakusaidia ukilijibu vibaya.

Ukiingiza kadi ya Tanzania katika mashine ya nje, au ukilipa dukani, unaweza kuulizwa kama unataka kulipa kwa fedha ya nyumbani kwako au kwa fedha ya nchi uliyopo. Jibu ni moja siku zote: fedha ya nchi uliyopo. Ujerumani ni euro, Uswidi ni krona, Uingereza ni pauni, India ni rupia. Ukichagua hiyo, kazi ya kubadili inafanywa na mtandao wa kadi, yaani Visa au Mastercard, pamoja na benki yako. Ukichagua fedha ya nyumbani, kazi inafanywa na mwenye mashine au mwenye duka kwa kiwango anachojipangia, na faida ni yake.

Ujanja uko katika maneno. Mashine haisemi "nikutoze zaidi?" Inasema kiwango kimehakikishwa, inaonyesha kitufe kikubwa cha kijani cha kukubali, na kile cha kukataa kinaonekana kama kitafuta muamala wote. Wengi huogopa wakidhani hela haitatoka. Inatoka. Kwa Kiingereza mtaona "decline conversion" au "without conversion". Kwa Kijerumani mtafute "ohne Umrechnung", maana yake bila kubadilisha. Bonyezeni hapo bila hofu.

Dukani na hotelini mhudumu anaweza kukubonyezea yeye mwenyewe bila kukuuliza. Kanuni za Visa na za Mastercard zinataka mwenye kadi aulizwe na achague. Tazameni karatasi kabla ya kuweka namba ya siri. Mkiona dola au shilingi, semeni kwa upole "in euro, please", naye atafuta na kuanza upya. Vijana wetu wasione haya kufanya hivyo. Wenyeji wetu wenyewe hufanya wanapotembelea nchi zisizotumia euro.

Ipi kati ya kadi tulizo nazo?

Sasa tuje kwenye kuchagua. Wengi mnatuuliza, "Mratibu, tuambie benki ipi ni rahisi." Hatutataja benki. Tozo hubadilika, na tukitaja leo, karatasi hii ikisomwa mwakani itakuwa inapotosha. Lakini kuna kitu hakibadiliki, nacho ni maswali ya kuuliza kaunta. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinaitaka benki imweleze mteja gharama kwa uwazi. Kwa hiyo ukiomba orodha ya tozo huombi msaada, unadai haki yako. Omba iliyochapishwa, usiridhike na maneno ya mdomo.

Katika orodha hiyo tafuteni kwanza ada ya kila utoaji nje ya nchi. Halafu tafuteni asilimia inayoongezwa wakati wa kubadili fedha. Hii ya pili mara nyingi imeandikwa kwa herufi ndogo au haimo kabisa, na wakati mwingine hata mhudumu wa kaunta haijui. Msiondoke. Mwombeni apige simu kitengo cha kadi makao makuu. Angalieni pia ada ya mwaka, ada ya kutazama salio, ada ya muamala uliokataliwa (zipo benki zinazotoza hata hapo), na kiwango cha juu cha kutoa kwa siku.

Tuchukue mfano wa kujifunzia, si wa benki yoyote. Kadi ya kwanza inatoza shilingi 10,000 kila utoaji, na asilimia 1 ya kubadili. Kadi ya pili imetangazwa kwa bango kubwa, "kutoa fedha nje ni bure", lakini inaongeza asilimia 4. Mchungaji anayekwenda kutumia shilingi 1,500,000, akatoa mara mbili na nyingine akalipa kwa kadi moja kwa moja, kwa kadi ya kwanza atakatwa 20,000 na 15,000, jumla 35,000. Kwa kadi ya bure atakatwa 60,000. Lakini kijana wa kwaya mwenye shilingi 600,000 tu, atakayezitoa kidogokidogo mara nane, kwa kadi ya kwanza atakatwa 80,000 na 6,000, jumla 86,000, na kwa ile ya pili 24,000. Kwa hiyo hatuwezi kuwaambia kadi ipi ni nafuu mpaka mtuambie mtaitumiaje. Anzeni na safari yenu: mtatoa mara ngapi, mtalipa dukani kiasi gani, ni nani anawalisha na kuwalaza. Kisha ndipo muende benki.

Kuna swali la shilingi au dola. Watu wengi wanaamini kwamba kadi ya akaunti ya dola lazima iwe bora kwa safari. Inategemea dola zimetoka wapi. Kama wabia wetu wametuma dola na zimeingia katika akaunti ya dola, kuzitumia kutoka hapo ni sawa, usizibadili kuwa shilingi halafu zibadilike tena. Lakini kama una shilingi, ukazinunulia dola benki kwa bei ya kuuzia, kisha dola hizo zikabadilishwa kuwa euro ukiwa Ujerumani, umelipa mbadilishaji mara mbili. Mara nyingi ni afadhali ungebaki na kadi yako ya shilingi, mradi asilimia yake si kubwa. Fanyeni hesabu zote mbili. Visa na Mastercard wana kikokotoo katika tovuti zao ambapo unaandika tarehe, kiasi, na asilimia ya benki yako, kinakupa jibu. Katibu wa ofisi yetu anaweza kuwasaidia wasio na intaneti.

Na kwa kuwa jambo hili limeulizwa: kanuni zilizoanza kutumika Machi 2025 zinakataza kupanga bei au kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi yetu. Hazikatazi kuwa na akaunti ya dola au euro benki.

Kadi za kujazwa fedha kabla ya safari zina faida moja kubwa: ikipotea, kilichopotea ni kile tu ulichoijaza, mshahara wako haumo. Kwa kundi la vijana tunazipenda kwa sababu hiyo. Lakini soma ada ya kuijaza na ada ya kurudishiwa kilichobaki, maana tumewahi kuona salio dogo likaliwa lote na ada ya kulifuatilia. Kadi za namba tu, zisizoshikika mkononi, ambazo baadhi ya benki na kampuni za simu hutoa, zinafaa kwa kulipia tiketi mtandaoni. Mashine ya kutolea fedha haiwezi kuzimeza. Na wachache wenye kadi ya mkopo tunawaomba wasitolee fedha taslimu kwa kadi hiyo. Kwa kawaida riba huanza kuhesabiwa siku ileile, juu ya ada ya utoaji.

Wenyeji watawaonyesha kadi zao za Wise au Revolut na kuwaeleza jinsi makato yalivyo madogo. Ni kweli. Wise ilianzishwa London mwaka 2011 na Waestonia wawili waliochoshwa na makato ya kubadili fedha. Lakini kadi za namna hiyo hutolewa kwa kufuata nchi unayoishi kisheria. Mgeni wa majuma matatu hapewi. Kwa vijana wanaokwenda kujitolea mwaka mzima Ujerumani habari ni tofauti: tangu Juni 2016 sheria ya huko inampa kila mtu anayeishi kihalali katika Umoja wa Ulaya haki ya kufungua akaunti ya msingi. Vijana hao wafungue akaunti mwezi wa kwanza na kadi ya nyumbani waiweke akiba, badala ya kuikata posho yao makato ya nje kwa miezi kumi na miwili.

Nchi hazifanani

Ujerumani bado ni nchi ya fedha taslimu kuliko tunavyofikiri. Kuna maduka madogo, mikahawa na wauza mikate wanaokubali noti tu, au kadi ya kienyeji ya huko inayoitwa girocard, ambayo wazee wao bado wanaiita "EC-Karte". Mkiona kibao hicho peke yake, Visa yenu haitapita, na si kwamba akaunti imeisha. Kwa hiyo Ujerumani toeni fedha, lakini toeni mara chache na nyingi kwa mkupuo, kwenye mashine iliyo katika ukuta wa benki ya kawaida. Sheria yao inataka mashine inayotoza ada yake ioneshe kiasi kabla hujathibitisha. Mkiona ada, futeni, tembeeni mtaa wa pili.

Tulirudi kuihesabu safari ya 2019 kwa njia hiyo. Kutoa euro 300 mara tatu katika mashine za benki zisizo na ada, na euro 200 kulipa kwa kadi moja kwa moja. Kwa kadi ileile, benki ileile, makato yangekuwa dola 15 na asilimia 3 ya dola 1,232, yaani 37. Jumla dola 52 badala ya 188.

Uswidi ni kinyume chake. Mabasi ya Stockholm hayapokei fedha taslimu, maduka mengi yana kibao cha kukataa noti, na hata sadaka kanisani mara nyingi hutolewa kwa kadi au kwa simu. Ile huduma yao ya simu, Swish, inahitaji akaunti ya benki ya huko, kwa hiyo wageni haituhusu. Huko chukueni kadi yenye asilimia ndogo ya kubadili, ada ya utoaji isiwasumbue, maana pengine hamtatoa hata mara moja. Mzee wetu mmoja alikwenda na noti za krona alizozitunza kwenye Biblia tangu safari ya zamani, akijisifu kwamba yeye hana haja ya kadi. Waswidi walibadili noti zao, na noti za zamani za krona 100 na 500 ziliacha kutumika mwisho wa Juni 2017. Alizirudisha nyumbani, na sasa ni kumbukumbu tu.

Marekani, kwa wanaokwenda kwa wabia wetu huko, karibu kila mashine isiyo ya benki yako inatoza ada yake ya dola kadhaa, na kadi ya Tanzania haina benki yake huko. Hapo dawa ni kutoa mara chache. Mashine ikiuliza aina ya akaunti, chagueni "checking". Vituo vya mafuta huuliza namba ya posta ya Kimarekani kwenye pampu, msihangaike nayo, ingieni ndani mkalipe kwa mhudumu.

India tunaitaja kwa sababu ya wagonjwa. Wengi katika sharika zetu wamesindikiza ndugu huko. Mashine nyingi za India hazitoi zaidi ya rupia 10,000 kwa mara moja kwa kadi ya kigeni, ambazo ni kama dola 110 hivi. Kama benki yako inatoza dola 5 kila utoaji, umeshapoteza zaidi ya asilimia 4 kabla ya kitu kingine. Msilipe hospitali kwa fedha za kutolewa mashineni. Bili kubwa linganisheni kulipa kwa kadi na kutuma moja kwa moja kutoka benki ya hapa kwenda akaunti ya hospitali. Ada ya kutuma kwa kawaida haipandi sambamba na kiasi, lakini asilimia ya kadi inapanda. Asilimia 3 ya bili ya dola 6,000 ni dola 180, na kwa familia iliyouza ng'ombe hiyo si fedha ya kuacha njiani.

Kabla ya kupanda ndege

Nendeni benki majuma mawili kabla. Kadi nyingi hufungwa zisitumike nje mpaka mwenyewe aombe zifunguliwe, kaunta au kwa simu. Taja nchi na tarehe, pamoja na nchi ya kupitia. Angalieni tarehe ya mwisho ya kadi. Namba ya siri ikaririni kwa tarakimu, maana wengine huikumbuka kwa mchoro wa vidole na mpangilio wa vitufe huko unaweza kuwa tofauti.

Laini ya simu muiwezeshe kupokea ujumbe ukiwa nje. Hili limewakwamisha wengi. Ukinunua tiketi ya treni mtandaoni, benki hutuma namba ya kuthibitisha kwa ujumbe mfupi kwenye laini yako ya Tanzania. Kama laini imelala nyumbani kwenye droo, malipo hayapiti hata akaunti ikiwa imejaa. Na msitupe laini ya nyumbani mnapoweka ya wageni.

Kundi liwe na kadi mbili, za benki mbili ikiwezekana, zibebwe na watu wawili. Mashine ikimeza moja safari isisimame. Bebeni pia noti kidogo za euro za siku mbili za kwanza, msilazimike kutoa kwenye mashine ya uwanja wa ndege mkiwa mmechoka. Anayebeba noti zenye thamani ya euro 10,000 au zaidi lazima azitangaze anapoingia Umoja wa Ulaya, na hapa kwetu pia kuna wajibu wa kutangaza kuanzia dola 10,000. Hatutarajii yeyote kati yetu abebe hizo.

Hotelini jihadharini na kushikiliwa fedha. Hoteli huweza kuzuia kiasi fulani kwenye kadi kama dhamana unapoingia. Kwa kadi ya akaunti ya kawaida hizo ni fedha zako halisi, hutazigusa mpaka ziachiwe, na zinaweza kuchukua siku kadhaa. Ulizeni kiasi kabla hamjatoa kadi.

Na sasa habari ya daftari. Tumebadilisha fomu ya marejesho. Ya zamani ilikuwa na tarehe, maelezo na kiasi. Mpya ina safu mbili zilizoongezwa: kiasi kilichotoka mashineni kwa fedha ya kule, na kiasi kilichokatwa kwenye akaunti kwa fedha ya hapa, kinachochukuliwa kwenye ujumbe wa benki siku ileile. Tofauti ya safu hizo mbili ndiyo makato, na itajazwa kila siku ya utoaji, isisubiri kurudi. Pia katika bajeti ya kila safari tumeweka kasma ya makato ya benki, asilimia 5 ya fedha zitakazotumika kwa kadi. Wabia tumewaandikia, nao wameikubali mradi iambatane na taarifa ya benki. Kamati ya fedha haitapokea tena hesabu ya safari iliyozidishwa kwa kiwango kimoja tu, bila taarifa hiyo kuwa mezani. Uamuzi huo umeandikwa katika muhtasari wa kamati, na tumeomba jina la yule mama liandikwe humo kama mtoa hoja, kwa sababu ndiye aliyeutoa.

Tuna nusu saa iliyobaki. Walioleta orodha za tozo za benki zao wasogee meza ya mbele, tufanye hesabu ya safari zenu moja moja, tukianza na kundi linaloondoka mwezi ujao. Wasiozileta wachukue karatasi ya maswali pale kwa katibu, waende nayo benki kesho asubuhi, kisha watupigie.